Chakula Halali Katika Chombo Chenye Sumu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaumbia waja wake chakula akawahalalishia kilicho kizuri, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, mazungumzo yetu ya mara hii yahusu jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la dini, nalo ni vyombo na vifungashio ambavyo chakula chetu hutiwa ndani yake. Nyama tukiletewa twauliza imechinjwa na nani, na mafuta tukiletewa twauliza yametokana na mnyama gani, na maswali hayo ni wajibu wetu kuyauliza. Walakini mkebe, na chupa, na karatasi, na mfuko, hivyo hatuviulizi hata siku moja, kana kwamba chakula huja peke yake bila ya kitu cha kukichukulia.

Na sisi tuandikao haya tulikuwa miongoni mwa hao wasiouliza. Lililotuzindua ni jambo lililotupata wenyewe, nalo tutalieleza ingawa latutahayarisha, kwa sababu aibu ya kukosa ni nyepesi kuliko dhambi ya kuficha.

Katika Ramadhani moja ya miaka hii ya karibu, darsa yetu ilikuwa ikipika futari katika ua wa msikiti kwa ajili ya maskini na wasafiri. Watu walizidi, vyombo vikawa havitoshi. Mfanyabiashara mmoja, Mungu amlipe kwa nia yake, akatuletea ndoo kubwa za plastiki zenye vifuniko, imara na safi kwa kutazama. Zilikuwa ndoo za rangi ya kupakia nyumba. Tukazisugua kwa sabuni na maji ya moto, tukazianika juani, na jioni ile ile tukaanza kutilia uji ungali watokota.

Siku ya tatu alitujia kijana mdogo, akatoa salamu, akasema kwa sauti ya chini: "Shekhe, mama anakusalimu, na asema uji wenu wanuka rangi." Nasi, mbele ya watu, tukamjibu: "Mwambie mama apige bismillahi anywe. Sadaka haitiwi ila." Kijana akainamisha kichwa, akaenda zake. Siku ya pili yake akaja na sufuria ndogo iliyobonyea upande mmoja, akasema: "Mama asema, ikiwezekana, mtutilie humu kabla uji haujatiwa ndooni. Na kama haiwezekani, asema sisi tutafuturu kwa tende na maji, na Mungu awazidishie."

Usiku ule, watu walipokwisha kutawanyika, tulikifunua kifuniko cha ndoo moja tukanusa. Yule mama alikuwa kweli. Uji wa siku tatu tulikuwa tumewanywesha wafungaji, na watoto wadogo miongoni mwao, katika chombo kilichokaa na rangi muda tusioujua. Plastiki hunywa kile kilichowekwa ndani yake, na joto likija hukitoa tena. Kuisugua kwa sabuni hakuondoi kilichokwisha kuingia mwilini mwake. Yule mama hakukaa mbele ya masheikh miaka kumi kama tulivyokaa sisi. Lakini katika mas-ala yale yeye ndiye aliyekuwa faqihi, nasi ndio tulio kuwa wajinga.

HUKUMU YA CHOMBO

Huenda mtu akastaajabu, akasema: Dini na ndoo zina uhusiano gani? Tutamjibu kwa yaliyomo katika vitabu vya Hadithi. Ujumbe wa kabila la Abdul-Qays ulipofika Madina, miongoni mwa mambo ambayo Mtume (s.a.w.) aliwakataza ni kuweka vinywaji vyao katika vyombo vya namna nne: kibuyu, na mtungi wa kijani, na shina la mtende lililochongwa kati, na chombo kilichopakwa lami. Maji na tende ni halali, hapana anayebisha, na vyombo vile havikuwa vya dhahabu wala vya fedha. Basi kwa nini vikakatazwa? Wanavyuoni wamesema ni kwa sababu kinywaji kikiwekwa humo hugeuka upesi kikawa kilevi, na mwenyewe hana khabari. Baadaye, watu walipokwisha kuifahamu dini yao na kujua kujihadhari, Mtume (s.a.w.) aliwaruhusu vyombo vyote, maadamu hawanywi kinacholevya.

Katika khabari hii mna faida mbili kubwa. Ya kwanza ni kwamba Sheria haikutazama kilichomo ndani peke yake, bali ilitazama na chombo chafanya nini katika kile kilichomo. Ya pili ni kwamba chombo hakichukiwi kwa dhati yake. Khofu ya madhara ilipoondoka, katazo liliondoka. Kwa hivyo mtu asije akadhani tunataka kuwaharamishia watu kila kitu kipya kilichotoka kiwandani. Twataka kuuliza swali lile lile: chombo hiki chafanya nini katika chakula chetu?

Tena katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu amewaamrisha watu wote, si Waislamu peke yao, kula katika vya ardhi vilivyo halali na twayyib. Neno la twayyib halikuja bure. Maana yake ni kilicho kizuri, safi, kisichodhuru. Basi chakula chaweza kuwa halali kwa kuchinjwa kwake na kwa pesa zake, kisha kikaharibiwa utwayyib wake na mfuko uliotiwa.

VITU VILIVYOMO KATIKA VIFUNGASHIO

Sasa tutazame vifungashio vya zama hizi. Hatutavitaja vyote, bali tutataja kemikali za namna mbili ambazo khabari zake zimethubutu.

Ya kwanza ni bisfenoli A, ambayo kwa kifupi huitwa BPA. Ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1891. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa London, Edward Charles Dodds, alionyesha kuwa kitu hicho kikiingia mwilini hufanya kazi iliyo shabihi na homoni ya kike. Juu ya khabari hiyo, kuanzia miaka ya 1950 viwanda vilianza kukitumia kutengenezea plastiki ngumu ing'aayo kama kioo, ambayo hufanywa chupa, na kutengenezea utando mwembamba unaopakwa ndani ya makebe ya chakula. Utando huo una faida, hatukatai. Huzuia madini yasishike kutu na chakula kisiharibike. Lakini BPA haitulii mahali pake. Kidogo kidogo huhamia katika chakula, na chakula kikiwa cha moto huhama kwa wingi zaidi. Fikirini basi juu ya chupa ya kunyonyeshea mtoto, ambayo kazi yake ni kutiwa maziwa ya moto kila siku, mara nyingi kwa siku.

Ya pili ni kundi la kemikali ziitwazo PFAS, zenye namna maelfu. Sifa yake ni kukataa maji na mafuta, na kwa hivyo zimekuwa zikitiwa katika karatasi za kufungia vyakula vya mafuta, na katika vifuko vya bisi vinavyowekwa katika majiko ya umeme ya mawimbi. Kemikali hizi haziozi wala hazivunjiki ila kwa shida kubwa, hata watu wamezipa jina la kemikali za milele. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya kupima vifungashio kiasi cha 400 vilivyokusanywa katika mikahawa ya chakula cha haraka. Katika karibu nusu ya karatasi, na katika moja kwa tano ya maboksi, walikuta florini, ambayo ni dalili ya kemikali hizo. Na mwisho wa mwaka 2023, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitia PFOA, ambayo ni mojawapo ya kundi hili, katika daraja la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Hapa tutakumbusha kisa mashuhuri. Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akaona rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, vidole vikapata majimaji. Akamuuliza mwenyewe, naye akajibu kuwa ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua, kwa sababu mvua haikuwa amri yake. Alimlaumu kwa kuuficha ule unyevu chini, asiuweke juu watu wauone. Kisha akamtoa katika umma wake kila mwenye kughushi. Basi na kiwanda pia hatukilaumu kwa kutojua yale yasiyojulikana katika zama zake. Twakilaumu kikishajua kisha kikaficha. Na hayo yametukia. Mwezi wa Disemba 2005 kampuni ya DuPont ya Marekani ilikubali kutoa dola milioni 16.5 katika mapatano na idara ya serikali ya kulinda mazingira, iliyoishtaki kwa kutoieleza khabari ilizokuwa nazo juu ya khatari za PFOA. Unyevu ulikuwa chini ya rundo, na hapakuwa na mkono wa kuingia ndani.

NANI ALIYEVIBADILISHA VIWANDA?

Mtu akisikia haya hudhani kuwa dawa yake ni serikali peke yake. Serikali ikitoa amri mambo yatatengenea, na isipotoa hapana la kufanya. Twataka kuonyesha kwa khabari zilizothubutu kuwa sivyo yalivyokwenda.

Katika nchi ya Canada wazazi na vyama vya afya walianza kuuliza juu ya BPA wakati sheria haijasema neno. Disemba 2007 duka la ushirika liitwalo Mountain Equipment Co-op, ambalo wanachama wake ndio wanunuzi wake, liliondoa chupa za plastiki hiyo katika rafu zake. Aprili 2008 serikali ya Canada ikatangaza nia ya kuzikataza chupa za watoto zenye BPA. Katika mwezi ule ule duka kubwa la Marekani, Walmart, na watengenezaji wa chupa za Nalgene, wakatangaza kuwa wataiacha, ilhali hapana sheria ya Marekani iliyowalazimisha. Machi 2009 watengenezaji sita wakubwa wa chupa za watoto wakakubali kutoziuza tena Marekani. Na serikali ya Marekani yenyewe iliondoa idhini lini? Ni Julai 2012. Na sababu iliyoitoa si kuwa kitu hicho kina madhara. Ilisema tu kuwa viwanda vimekwisha kuacha kukitumia katika chupa hizo. Walioomba idhini iondolewe walikuwa ni chama cha wenye viwanda vya kemikali wenyewe!

Itazameni tartibu hii kwa makini. Mama aliuliza, duka likaogopa kukosa wanunuzi, kiwanda kikabadilisha, na sheria ikaja mwisho ikatia muhuri.

Na khabari za karatasi za mafuta ni hivyo hivyo. Huko Denmark, mwaka 2015, maduka ya Coop, nayo ni mali ya wanachama wanunuzi, yaliacha kuuza bisi za majiko ya mawimbi, kwa sababu hakikupatikana kifuko kisichokuwa na PFAS. Hawakungoja. Walisema: Basi bisi hizi hatuuzi. Muda si mrefu kikapatikana kifuko kingine, na bisi zikarudi. Kisha tarehe 1 Julai 2020 sheria ya Denmark ikakataza PFAS katika karatasi na maboksi ya chakula. Januari 2021 kampuni ya McDonald's, baada ya kusumbuliwa sana na vyama vya wanunuzi, iliahidi kuziondoa katika vifungashio vyake ulimwenguni kote ufikapo mwaka 2025. Na Februari 2024 idara ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kuwa dawa hizo za kuzuilia mafuta katika karatasi za chakula haziuzwi tena huko kwa kazi hiyo, kwa ahadi ambazo watengenezaji walijitolea kuzitimiza.

Wala jambo hili si geni kwetu sisi Waislamu. Imesimuliwa kuwa Ibrahim bin Adham, yule mchamungu mashuhuri, aliletewa malalamiko kwamba nyama imekuwa ghali. Akawaambia watu waipunguze bei wao wenyewe, kwa kuacha kuinunua. Hakuwaambia wapige kelele, wala hakuwaambia wangoje amri ya mtawala. Aliwaonyesha nguvu iliyokuwa mikononi mwao. Na miji ya Kiislamu ilikuwa na muhtasib, ambaye kazi yake ilikuwa ni kuzunguka sokoni, kutazama mizani, na kutazama vyombo vya wauzaji chakula kama ni safi na kama vimefunikwa. Leo muhtasib hatumwoni. Walakini faradhi ya kuamrisha mema na kukataza maovu haikufa kwa kufa kwake. Imerudi juu ya kila mmoja wetu kwa kadiri ya uwezo wake, na uwezo wa mnunuzi ni kuuliza, na kununua, na kuacha.

SHUBHA NA MAJIBU YAKE

Watu wana maneno ya kuturudishia, nasi tutayataja kwa insafu.

Wako watakaosema: Haya ni mambo ya kidunia, masheikh washughulikie udhu na swala. Twasema: Kuuhifadhi uhai ni katika makusudio matano ambayo Sheria imekuja kuyalinda, na hadithi ya kukataza kudhuru na kudhuriana ni msingi wa milango mingi ya fiqhi. Anayefundisha udhu, kisha akawanywesha watu uji wenye rangi, amefundisha nusu ya dini. Na sisi tulikuwa mtu huyo.

Wako watakaosema: Ajali ni moja, na tawakali yatutosha. Twasema: Mwenye tawakali hufunga ngamia wake kwanza. Bismillahi ni baraka juu ya chakula, wala si sabuni ya kuondolea sumu. Jawabu tuliyompa yule kijana ilikuwa ni uvivu uliovishwa kanzu ya tawakali, na twamwomba Mungu msamaha.

Wako watakaosema: Kiasi chenyewe ni kidogo mno, hakidhuru. Neno hili lina sehemu ya ukweli, kwa maana wataalamu hawakuafikiana katika kila jambo. Lakini tazameni: Aprili 2023 idara ya Ulaya ya usalama wa chakula ilikishusha kiasi cha BPA ambacho mtu aweza kukila kila siku bila khofu, ikakifanya kidogo mara 20,000 kuliko kile ilichokikubali kabla. Idara za nchi nyingine hazikuifuata katika hesabu hiyo. Ufaransa ilikuwa imekwisha kuikataza BPA katika vifungashio vyote vya chakula tangu tarehe 1 Januari 2015, na Disemba 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha katazo lake, ukawapa wenye viwanda muda wa kubadilisha. Basi jambo ambalo wajuzi wanakhitalifiana juu ya khatari yake hivi, daraja yake ni shubha, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuliacha linalotutia shaka tukalifuata lisilotutia shaka. Hatusemi kuwa kila kilichomo katika mkebe ni haramu. Anayeharamisha bila ya dalili ana dhambi kama anayehalalisha bila ya dalili. Twasema: pale unapoweza kupata kingine, na khasa kwa mtoto na mwenye mimba, shika lililo salama.

Wako watakaosema: Maskini hana khiari, atakula alichopewa. Neno hili ndilo zito kuliko yote, na jawabu lake lina pande mbili. Upande wa kwanza, mwenye dharura hana dhambi. Abu Tha'laba alipouliza juu ya vyombo vya watu wa Kitabu, aliambiwa kama wanapata vingine wasivitumie, na kama hawapati wavioshe kisha wale. Sheria haimbebeshi mtu asichokiweza. Upande wa pili, kwa kuwa maskini hana khiari, ndiyo sababu mwenye khiari awajibike zaidi. Mwenye duka akiagiza kilicho salama kwa sababu matajiri wamemuuliza, maskini naye atakikuta dukani. Nasi tusimdhanie maskini kuwa hana utambuzi. Yule mama alikuwa maskini, na alikuwa radhi kufuturu kwa tende na maji kuliko kumpa mwanawe asichokiamini.

Na la mwisho ni onyo kwetu sisi wenyewe tunaolingania jambo hili. Khabari nyingi huenezwa siku hizi katika simu za mkononi, kuwa mchele fulani ni wa plastiki, kuwa kampuni fulani yatia sumu makusudi, na nyingi katika hizo hazina asili. Suratul Hujurat yatuamuru tuhakikishe kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua. Mwenye kumsingizia mfanyabiashara uwongo ameghushi kama aghushivyo mwenye kuficha unyevu. Kadhalika tusidanganyike na maandishi. Chupa nyingi ziliandikwa kuwa hazina BPA, kumbe mahali pake pametiwa bisfenoli S, ambayo ni ndugu yake, na wataalamu wameikuta ikifanya mfano wa yale yale. Basi usitosheke kuuliza nini kimetolewa. Uliza na nini kimetiwa badala yake.

YATUPASAYO SISI

Katika nchi yetu hii ya Kenya twajua kuwa amri ikisimama watu huifuata. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kuchukulia bidhaa ilikatazwa, na watu waliodhani hawawezi kuishi bila yake wakarudia vikapu. Lakini katazo lile lilikuwa kwa ajili ya takataka na mifugo na bahari. Halikuwekwa kwa ajili ya chai ya moto inayotiwa katika kifuko chepesi, wala viazi vitokavyo karaini vikafungwa katika gazeti lenye wino, wala wali unaofunikwa nailoni ili uive kwa mvuke. Serikali ya India iliwaonya watu wake Disemba 2016 juu ya kufungia chakula katika magazeti. Sisi bado twayaona hayo kila jioni kando ya barabara, na huenda tukayala.

Basi kwanza, kila mtu aanze nyumbani kwake. Chakula cha moto kitiwe katika bilauri, au udongo, au sufuria, au bakuli la chuma. Kikifungwa, wazee wetu walikuwa na majani ya mgomba na vikapu vya ukindu, na hapana aliyepungukiwa na ustaarabu kwa hayo. Ndoo na mitungi iliyokaa na rangi, au mafuta ya magari, au dawa za mashamba, isitiliwe chakula wala maji ya kunywa hata ikisuguliwa mara saba. Chombo cha plastiki kilichokusudiwa chakula mara nyingi huwa na alama ya bilauri na uma. Kitazameni chini kabla ya kulipa.

Pili, mfanyabiashara Mwislamu anayeuza mitungi iliyokwisha kutumika, na amwambie mnunuzi ilikuwa na nini ndani. Asiposema, na alikumbuke lile rundo la nafaka.

Tatu, tuulize kwa pamoja. Mmoja akiuliza huonekana msumbufu, lakini jamaa ya msikiti ikiuliza huandikiwa jawabu. Tuiandikie kampuni ambayo maziwa yake, au mafuta yake, au makebe yake twayanunua, tuiulize kwa adabu: Kifungashio hiki ni cha kitu gani? Chafaa kwa chakula cha moto? Utando wake una bisfenoli, na kama hauna, una nini badala yake? Hatuombi fadhila. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora ufaao, na ya kupewa maelezo anayoyahitaji, na ya kulindwa afya yake. Tukikosa jawabu, shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lipo kwa kazi hiyo, na tulipelekee. Na ikiwa kampuni haijibu, yuko mwingine auzaye kitu kama kile. Tumwendee huyo, na ya kwanza tuiambie kwa nini tumeiacha, ili kuacha kwetu kuwe ni nasaha.

Nne, kamati za misikiti na madrasa, nasi tukiwa wa mwanzo, zisikubali sadaka bila ya kuitazama. Nia njema ya mtoaji haimwokoi mwenye kula.

Ndoo zile tulizitoa siku ya pili yake, tukakopa sufuria kutoka nyumba za jirani, na waliokuwapo tukawaeleza sababu. Kisha tukamtuma yule kijana kwa mama yake kumtaka radhi kwa jawabu letu. Akarudi akatuambia: "Mama asema amesamehe, shekhe, na yeye naye aomba umsamehe kwa kukusumbua. Lakini auliza: na zile sahani nyeupe, nyepesi, mnazotilia sambusa zikiwa moto, zimefanywa kwa kitu gani?"

Hatukuwa na jawabu. Tulimwendea muuzaji aliyetuuzia, naye hakuwa nalo. Akatwambia kuwa tangu aanze biashara hiyo hajapata kuulizwa. Tukamwachia barua ampe anayemletea, na tangu siku ile sambusa zetu twazitia katika sinia. Ndugu zetu, hata mumwone muuzaji ambaye hajapata kuulizwa, jueni kuwa kosa si lake peke yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu aturuzuku kilicho halali na kilicho kizuri, atulindie watoto wetu katika yale tuyajuayo na tusiyoyajua, awaongoze wenye viwanda na wenye maduka katika ukweli, na atusamehe sisi tuliosema kabla ya kunusa. Wabillahi taufiq.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.